Tusimshukuru Mkoloni kwa Zahanati Tulizozilipia Wenyewe

Kila foleni ya hospitali inaporefuka na dirisha la dawa kufungwa mapema, hakosekani mtu wa kusema kwamba enzi za mkoloni mambo hayakuwa hivi. Wodi zilinukia dawa, atasema, manesi walivaa kofia zilizopigwa pasi, daktari alipita kitanda kwa kitanda asubuhi na mapema, na mgonjwa aliondoka na dawa yake bila kutoa hata senti. Wazee wanayasema hayo kwa uchungu wa haki, maana wanayoyaona leo yanawaumiza. Lakini sasa yanarudiwa na vijana waliozaliwa miaka 30 baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, tena kwa uhakika unaowazidi wazee wenyewe. Yamekuwa maneno ya kawaida vijiweni, redioni na hata katika hotuba za viongozi: Mwingereza alitutawala, ndiyo, lakini walau alituletea hospitali.

Napinga. Sipingi kumbukumbu ya mzee aliyelazwa Tanga au Mwanza mwaka 1955 akatibiwa akapona. Huyo anajua alichokiona. Ninachopinga ni kuichukua kumbukumbu hiyo kuwa hesabu ya nchi nzima, kisha juu yake tukaweka shukrani. Nchi ninayoizungumzia ni Tanganyika, hasa kati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na uhuru wa 1961, na nitaipima serikali yake kwa mambo mawili ambayo wanaoisifu hawayataji kamwe: uzazi na meno.

Nina sababu ya kuchagua hayo. Ndui, tauni na malale ni maradhi yanayomtisha hata mtawala, kwa kuwa hayaulizi nyumba ni ya nani, na yakipita katika wilaya huondoka na vibarua na kodi. Serikali yoyote itayapiga vita, hata ile isiyowapenda watu wake. Mama aliyeshikwa na uchungu hamwambukizi mtu. Jino bovu la mkulima wa Songea halivuki ua wa Bwana DC. Katika mambo hayo hakuna hofu wala faida inayoisukuma serikali. Kinachobaki ni wajibu peke yake. Hapo ndipo pa kuipimia.

Kwanza tuangalie majengo, maana ndiyo yanayooneshwa kama ushahidi. Dar es Salaam ilikuwa na hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani ufukweni katika miaka ya 1890, na Mwingereza alipoingia aliiacha iendelee kuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipelekwa Sewa Haji. Hospitali hiyo haikuwa zawadi ya London wala ya Berlin. Fedha zake zilitoka kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Yaani kwa karibu miaka 40 ya utawala wa Mwingereza, Mwafrika aliyeugua katika mji mkuu wa nchi yake alilazwa katika jengo lililolipiwa na mtu binafsi enzi za Mjerumani. Ni mwaka 1956 tu, miaka mitano kabla ya uhuru, chama cha TANU kikiwa tayari kinajaza viwanja, ndipo ilipofunguliwa hospitali kubwa iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Jina la Sewa Haji limebaki pale kwenye jengo moja la wodi, na wagonjwa wengi wanaolala humo hawajui alikuwa nani.

Zanzibar ni hivyo hivyo. Lile jengo zuri la zahanati linalotazama bandari liliwekewa jiwe la msingi na Tharia Topan mwaka 1887, na baadaye likanunuliwa kwa mali iliyoachwa na Haji Nasser Nur Mohamed ili liwatibu maskini. Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo, kabla ya Mapinduzi na kabla ya kuitwa V. I. Lenin, ilibeba jina la Karimjee Jivanjee, kwa kuwa mchango ulitoka kwa ukoo huo. Watalii wakipita wanaambiwa ni majengo ya enzi za ukoloni. Ni kweli, lakini enzi si mlipaji.

Na afya yenyewe ilitumika kuwatenga watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 mji wa Dar es Salaam uligawanywa kanda kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Kariakoo isikaribiane na maduka ya Wahindi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya usafi na kuzuia maradhi. Watu wanaocheza mpira pale jioni wanakanyaga uwanja uliokatwa ili pumzi zao zisiwafikie wengine.

Vijijini, ambako ndiko watu walikokuwa, hadithi ya hisani inazidi kudhoofika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, wakati wa Gavana Donald Cameron, serikali ilianzisha utaratibu wa kutawala kupitia machifu, na kila utawala wa mwenyeji ukawa na hazina yake iliyojazwa kwa fungu la kodi ya wananchi. Hazina hizo ndizo zilizolipa zahanati za vijijini. Zilimlipa dresa, kijana wa hapo hapo aliyepewa mafunzo mafupi katika hospitali ya wilaya kisha akarudishwa na sanduku la bandeji, kwinini na dawa ya vidonda. Mganga Mkuu wa wakati ule, Dakta Shircore, aliupenda mpango huo kwa kuwa ulieneza huduma bila kuigharimu serikali kuu. Mkulima alitoa kodi. Sehemu yake ikamlipa mtoto wa jirani yake amfunge kidonda. Leo tunaambiwa tumshukuru Gavana. Aliyetibiwa bila kutoa senti dirishani alikuwa amekwisha kuitoa mbele ya karani wa kodi, na asiyekuwa nayo alijua kilichompata.

Madresa hao wanastahili makala yao. Wengi walifanya kazi peke yao, daktari akiwa mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu, wakiamua mambo ambayo hawakufundishwa kuyaamua. Wanaosema mkoloni alileta zahanati wanawafuta hao, kana kwamba zahanati ni ukuta na bati.

Nikubali lililo kweli. Sindano ya buba ilikuwa jambo kubwa. Maelfu ya watu, watoto kwa wakubwa, walikuwa na vidonda vinavyokula ngozi na mifupa, na sindano chache ziliwaponya mbele ya macho ya kijiji kizima. Watu walitembea siku nyingi kuifuata, na imani ya watu wetu katika sindano hadi leo ina mizizi pale. Ndui nayo ilichanjwa. Malale yalipigwa vita, ingawa njia iliyotumika, ya kuwahamisha watu wa magharibi mwa nchi kutoka mashamba yao na kuwakusanya pamoja kwa amri, iliwagharimu mno waliohamishwa. Hayo yalifanyika na sitayakana. Lakini yote matatu ni maradhi ya mlipuko au ya umati, yale ambayo nimekwisha kusema serikali yoyote ingeyashughulikia.

Sasa uzazi. Katika Tanganyika ya 1950 wanawake wengi, kwa mbali sana, walijifungulia nyumbani. Aliyewapokea alikuwa bibi, shangazi au mkunga wa kijiji ambaye serikali haikumlipa, haikumfundisha na mara nyingi haikumjua. Ukiambiwa ukoloni uliokoa akina mama wa nchi hii, uliza basi ni akina mama gani. Wale wa karibu na hospitali ya wilaya, labda. Wale wa karibu na misheni, zaidi. Peramiho na Ndanda kwa Wabenediktini, Mvumi kwa Waanglikana wa Ugogo, Masasi kwa misheni ya UMCA: sehemu kubwa ya kliniki za wajawazito na watoto, na ya mafunzo ya wakunga wenye cheti, ilibebwa na misheni, ambazo serikali ilizipa ruzuku na kujipunguzia mzigo. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935, alipasua wagonjwa na kufundisha wauguzi huko Lulindi katika hali ambayo daktari wa serikali asingeikubali. Baadaye alichukua uraia wetu na akawa Waziri wa Afya chini ya Mwalimu Nyerere. Nataja jina lake kwa heshima, na pia ili isidhaniwe kwamba ninamshutumu kila Mwingereza aliyevaa koti jeupe. Ninayoishtaki ni serikali iliyowaachia watu kama yeye kazi iliyokuwa yake.

Kenya, koloni lililokuwa na walowezi wengi na fedha zaidi, haikufanya tofauti. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ambayo imepokea vizazi vya watoto wa Eastlands, ilianza mwaka 1926 kwa harambee ya hisani ya Lady Grigg, mke wa Gavana. Uzazi wa Mwafrika ulikuwa jambo la wema wa mke wa mkubwa, nje ya bajeti ya mkubwa mwenyewe. Mwaka 1954, Mau Mau ikiendelea, Nairobi hiyo hiyo ilifungua hospitali mpya ya Wazungu, na jina lake halikuficha kitu: European Hospital.

Najua jibu litakalotolewa: wakunga wa jadi ndio waliokuwa tatizo, walikata vitovu kwa nyembe chafu, watoto wakafa kwa pepopunda, na serikali ingefanyaje na wanawake wasiojua kusoma? Sehemu ya kwanza ni kweli. Mkunga wa kijijini alijua mengi: kumtuliza mzazi, kumsinga mgongo, kusubiri wakati wa kusubiri. Lakini mtoto aliyekaa kingamo alimshinda, damu isiyokoma ilimshinda, na wembe wake uliua watoto bila yeye kujua. Sitaki tumpambe kwa sifa asizokuwa nazo.

Ila hiyo sehemu ya pili ya jibu ndiyo inayoiangusha hoja yao yote, kwa kuwa jambo hilo hilo liliwezekana chini ya Mwingereza huyo huyo. Omdurman, Sudan, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mkunga Mwingereza Mabel Wolff alifungua shule ya kuwafundisha wakunga wa kienyeji. Wanafunzi wake hawakujua kusoma. Aliwafundisha kwa macho, kwa mikono na kwa pua. Walizitambua dawa kwa rangi na harufu. Waliondoka na sanduku la vifaa safi, wakarudi vijijini kwao, na walifuatiliwa baada ya hapo. Shule ile nayo ilikuwa na dhambi zake, lakini ilithibitisha kwamba mwanamke asiyejua herufi anaweza kujifunza kuchemsha wembe na uzi, na kujua ni wakati gani wa kumpeleka mzazi hospitali. Kwa hiyo maarifa yalikuwapo ndani ya dola ile ile, miaka 40 kabla ya uhuru wetu. Wembe, chungu cha maji ya moto na miezi michache ya mafunzo havikuhitaji mkopo kutoka benki. Vilihitaji serikali inayomwona mwanamke wa Kondoa kuwa ni mtu wa kuhudumiwa.

Kilichoonekana cha maana kilikuwa mwili wa mwanamume wa kazi. Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, wakala wa kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Kibarua alipimwa kabla ya kusafirishwa, na sheria ilimtaka mwajiri awe na huduma ya matibabu. Mke wake aliyeachwa kijijini na mimba hakuwa katika daftari la mtu yeyote.

Nije kwenye meno. Wasomaji wengine wataona nimeshuka katika jambo dogo. Aliyewahi kukesha na jino linalopwita hataona hivyo, na usaha wa jino ukishuka shingoni unaua. Katika miaka ya 1950 madaktari wa meno nchini walikuwa wachache mno, wageni, na wa mijini. Mwananchi wa kawaida hakuzibwa jino. Alivumilia, akatafuna mizizi, na likimzidi akalipeleka kwa yeyote mwenye koleo. Wakati huo huo ukoloni ulikuwa umeshaleta chanzo cha tatizo: kampuni ya sukari ya TPC ilianzishwa Arusha Chini mwaka 1930, chai yenye sukari ikawa kifungua kinywa cha mjini na cha kambi za vibarua, na mswaki wa mti haukutosha kuipinga. Kule Meru na Kilimanjaro watu walikunywa maji yenye floraidi nyingi, meno yao yakawa ya kahawia tangu utotoni na mifupa ya wengine ikapinda. Dawa yake ni maji mengine, wala si kiti cha daktari wa meno, na maji hayo hayakuletwa.

Hapa pia kuna wa kulinganisha naye. Singapore, koloni la Mwingereza, ilikuwa na shule ya kufundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1929. Mwaka 1949 Penang, katika Malaya, ilifungua chuo cha kuwafundisha wasichana wauguzi wa meno ili watibu watoto mashuleni, kwa kufuata mfano wa New Zealand. Tanganyika ilifika uhuru bila shule ya madaktari wa meno. Tulianza kuwafundisha wa kwetu Muhimbili mwaka 1979, miaka 50 baada ya Singapore, na tulianza sisi wenyewe.

Malaya ilikuwa na bati na mpira, watasema. Tanganyika ilikuwa maskini. Ndiyo ngome yao ya mwisho, na inabomolewa na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza chini ya Attlee ilianza kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Trekta zilizotumika vitani zililetwa, reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea katika vichaka vya Ugogo na Kusini. Fedha za kutumia Tanganyika zilipatikana, basi. Zilipatikana ndani ya miaka minne, kwa kuwa aliyekuwa na njaa ya mafuta alikuwa Mwingereza.

Na serikali hiyo hiyo ya Attlee, tarehe 5 Julai 1948, ilianzisha huduma ya afya ya taifa huko Uingereza: daktari bure, mkunga bure, daktari wa meno bure, kwa tajiri na maskini. Ilikuwa kazi tukufu. Lakini inamaanisha kwamba mawaziri waliokuwa wakitutawala walikwisha kukubali kwa sheria kwamba uzazi salama na meno mazima ni haki ya raia. Hatuwezi kuwatetea kwa kusema dunia ya wakati ule haikuwa imefika huko. Wao walikuwa wamefika. Hawakutuhesabu.

Matokeo yake yalionekana siku ya uhuru. Nchi ya watu wasiopungua milioni 9 ilikuwa na madaktari Waafrika 12, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja hata uzeeni mwake. Makerere ilikuwa ikifundisha tiba tangu 1924, lakini Watanganyika waliopelekwa walikuwa wachache, na ndani ya nchi hapakuwa na shule ya udaktari hadi 1963, tulipoifungua wenyewe Dar es Salaam. Vituo vya afya vya vijijini vilivyoachwa vilikuwa 22. Kufikia 1980 vilikuwa zaidi ya 200. Nchi iliyofanya hivyo haikuwa tajiri, na ilifanya makosa mengi njiani. Ila ilikuwa ikijibu kwa wapiga kura wake.

Walter Rodney, akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1972 dhidi ya watu wanaoupima ukoloni kwa mizani ya mazuri upande huu na mabaya upande ule. Miaka 50 baadaye mizani hiyo imerudi, na safari hii inashikwa na sisi. Ina madhara. Anayeamini kwamba hospitali ilikuwa nzuri kwa sababu ya ukali wa Mzungu atadai ukali: nesi afokewe, mganga wa zahanati afukuzwe mbele ya kamera, na kesho yake dawa bado hazipo. Anayejua kwamba zahanati ilisimama kwa kodi yake, kwa dresa wa kijiji chake na kwa wakunga wasiolipwa, atadai kingine kabisa. Ataisoma bajeti ya halmashauri. Atauliza kwa nini kituo cha afya kina jengo jipya na mkunga mmoja, na kwa nini wilaya nzima inamtegemea mtaalamu mmoja wa meno.

Wazee waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 bado tunao. Kabla hujarudia kwamba mkoloni alituletea hospitali, kaa na mmoja wao umwulize mama yake alijifungulia wapi watoto wake wote, ni wangapi walioishi, na nani alimpokea. Kisha andika majina ya wanawake hao, maana hakuna daftari la serikali lililowaandika.